Kipande cha Nickson Ndivani

Siku ya soko, Same ikiwa imefurika, Eliwaza alishusha gunia la tangawizi, likatua juu ya kiatu cheusi kinachong'aa.

"Dada, umenivunja!"

"Viatu vya kanisani unavileta sokoni, halafu unanilaumu mimi?"

Mwenye kiatu, Nickson, alicheka hadi Eliwaza naye akacheka. Nickson alikuwa mjumbe wa serikali kwenye mazungumzo ya biashara ya dunia. Nchi tajiri zilipokea tangawizi mbichi bila ushuru, lakini ya unga zikaitwisha ushuru mzito, na mashine ya kusaga ya ushirika wa kina Eliwaza ilikuwa imelala kwa sababu hiyo.

Mapenzi yakanoga kwenye simu.

"Mpenzi, nikitoka Geneva, Jumamosi nakuja kwenu."

"Uje na jembe. Ni msaragambo, kazi ya pamoja: kijiji kizima tunazibua ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Baba hapimi mkwe kwa tai."

"Na nikishindwa kulima?"

"Hakuna anayezibua bwawa peke yake, mpenzi. Wewe fika tu."

Jumamosi baragumu lililia milimani Gonja. Watu walishuka bwawani. Nickson hakuonekana, na simu yake haikupatikana. Baba yake Eliwaza, Mzee Filipo, aliacha kipande kimoja cha tope bila kuguswa, desturi ya kumngoja mtoro aje akichimbe. Kila aliyepita alikitazama, kisha akamtazama Eliwaza. Binti aliumia mno. Nickson alipopiga kesho yake, Eliwaza alikata simu akaifungia namba yake.

Jumatatu redio ikasema: mataifa makubwa yalitaka kila nchi iingie isaini peke yake. Mjumbe wa Tanzania akagoma, akawakusanya wenzake wote wa nchi zinazolima tangawizi, wakaingia pamoja, simu zikabaki mlangoni. Mkutano ukarefuka hadi usiku wa Jumamosi, lakini ushuru wa unga ukafutwa! Ushirika ulilipuka kwa vigelegele. Eliwaza alilia na kucheka kwa pamoja.

Jumatano akaitwa ndivani. Nickson alikuwa topeni hadi magotini, tai begani, akihangaika na jembe jipya.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Umenifungia, mama! Na maneno niliyowaambia wenzangu ni yako: hakuna anayezibua peke yake."

"Sasa mbona unachimba peke yako?" Eliwaza akapandisha kitenge, akaingia.

"Nioe... yaani, nikuoe, Eliwaza."

"Nimekubali. Chimba, baba anatutazama."

Mzee Filipo alisimama ukingoni. Alichukua baragumu, akalipuliza kwa nguvu zake zote, na kijiji kikashuka na majembe.