Shukia Katpadi

Kri, kri, kri. Zipu ya begi ilifunguliwa gizani, ikafungwa, kisha ikafunguliwa tena. Shifaa alijua bila kufumbua macho kwamba ni mama yake, Bi Khairiya, anayehakikisha kwa mara nyingine kuwa dawa za Amna zimo. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado. Siku nyingine, saa kama hizo, mama huwa anakanda unga wa mahamri, maana Wamombasa wengi wa Al Qusais, mtaa wao wa Dubai, walinywa chai kwa mahamri yake. Lakini siku hiyo mama na Amna walikuwa wakisafiri kwenda India.

Amna, mdogo wake Shifaa, alizaliwa na tundu kwenye moyo. Akikimbia kidogo tu, midomo ilimgeuka rangi ya zambarau. Daktari alisema wasichelewe, na hospitali iliyokubali kumpasua ilikuwa Vellore, mji wa kusini mwa India. Baba yao, Bwana Faiz, alifanya kazi ya kupakia mizigo bandarini Deira. Kafeel wake, yaani tajiri aliyemdhamini, alikuwa amekaa na pasipoti yake na hakutaka kuitoa. Khalas, ndiyo basi. Mama angekwenda peke yake na mtoto mgonjwa.

"Shifaa, umeamka?" mama alinong'ona. "Hebu niambie tena alivyosema Mzee Rafiq."

Shifaa alijigeuzia ukutani. "Alisema ile Katpadi iliyoandikwa kwenye tiketi ni jina la treni. Wewe kaa tu mpaka uone kibao cha Vellore."

"Nisishuke kabla?"

"Usishuke kabla, mama."

"Mungu amjaalie kheri. Baadaye mpelekee mahamri yale niliyoyaacha jikoni, umwambie nimemshukuru sana."

Mzee Rafiq alikuwa dobi, na duka lake lilikuwa chini ya jengo lao. Alizaliwa Vellore hukohuko. Jana yake mama alikuwa amemtuma Shifaa kwake na tiketi ile ya treni, akaulize Katpadi ni nini na pa kushukia ni wapi. Lakini chini Shifaa aliwakuta wenzake wakiruka kamba. "Njoo, zamu yako! Au unaogopa kushindwa?" walimtania. Akacheza mpaka magharibi. Aliporudi, mama alikuwa amesimama mlangoni akimngoja, na jibu likamtoka tu. Dubai ya miaka ile haikuwa na treni, na Shifaa hakuwahi kuipanda. Ila basi la Abu Dhabi huishia Abu Dhabi, basi treni ya Vellore nayo si itaishia Vellore?

Asubuhi, baba alipokwisha kuwapeleka uwanja wa ndege na kwenda kazini, Shifaa alishuka na sahani ya mahamri. Mzee Rafiq alikuwa akipiga pasi kanzu, mvuke umemzunguka uso.

"Karibu, binti! Leo mama yako kanikumbuka, ama ni ya jana yaliyobaki?" alisema kwa Kiswahili alichofunzwa na wateja wake wa Mombasa.

"Anakushukuru."

"Kwa lipi? Shuka zenu hata sijazigusa!"

Shifaa angeweza kuiacha sahani na kukimbia. Mwili wake ulikwisha kugeukia mlango. Akajikuta anauliza, "Mzee, Katpadi ni jina la treni?"

Mzee Rafiq alicheka mpaka akakohoa. "Treni! Katpadi ni kituo, binti. Ukitoka Chennai, treni kubwa haipiti Vellore mjini. Watu wote hushukia Katpadi, wakatafuta tuktuk, wakapatana bei kwanza, wakavuka daraja la mto, hao mpaka hospitali."

"Na mtu asiposhuka?"

"Treni inampeleka mbele, usiku, mbali kabisa." Kicheko kilikatika. "Kwani nani anakwenda?"

Shifaa aliiweka sahani juu ya meza ya pasi. "Mama. Na Amna. Wako kwenye ndege sasa. Mama alinituma nikuulize. Sikuja. Nikamwambia umesema asishuke."

Mzee Rafiq aliichomoa pasi ukutani. Hakumkemea. Alimpigia simu baba, akamweleza yote, na baba akakumbuka treni na herufi ya behewa. Kisha akampigia dada yake, Masuda, aliyeishi karibu na kituo cha Katpadi. Mama hakuwa na simu ya kupatikana huko. Lililobaki ni Masuda kusimama kituoni jioni, atafute buibui jeusi na mtoto mwenye sweta nyekundu.

Usiku ule Shifaa na baba hawakula. Simu haikulia.

Ilipokucha, Mzee Rafiq alipanda ngazi akihema. Masuda aliwaona, mzee alisema. Aligonga dirisha, akapiga kelele, "Katpadi! Katpadi! Shuka!" Lakini Bi Khairiya alimkumbatia mtoto na kutikisa kichwa. Hakushuka. Treni ilipoanza kuondoka, Masuda akarukia ndani bila tiketi. Alikwenda nao mpaka kituo cha mbali, wakakaa kwenye baridi wakingoja treni ya kurudi. Huko Amna akazimia.

"Yu hai?" baba aliuliza.

"Yu hai. Wamemlaza, amewekewa hewa. Madaktari wanasema hawawezi kumpasua mpaka apate nguvu. Tuombe."

Mzee alipoondoka, baba alikaa kitako sakafuni karibu na Shifaa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama yako alimkataa mtu aliyekuja kumwokoa," alisema polepole. "Unajua kwa nini? Aliambiwa na wewe asishuke, na wewe anakuamini. Ungesema tu hukwenda kuuliza, angekugombeza kidogo, akashuka ngazi akauliza mwenyewe. Mtu akikuamini, mwanangu, usimpe neno ambalo huna."

Shifaa alilia, na baba akamwacha alie.

Siku zilipita nzito, jengo zima likiulizia habari. Hatimaye, jioni moja, simu ililia. Baba alisikiliza, akaziba uso kwa kiganja, kisha akasema, "Alhamdulillahi, alhamdulillahi." Amna alikuwa amepasuliwa. Tundu limezibwa, na midomo yake ina rangi ya midomo ya watoto wengine.

"Nipe Shifaa," mama aliomba. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Mwanangu, mwambie Mzee Rafiq simlaumu tena. Nililia njia nzima, nikisema mzee yule kaniponza. Lakini kila mtu hukosea, na dada yake ametutunza kama ndugu."

Shifaa alimtazama baba, aliyekuwa ameinama karibu akisikia yote.

"Sikumwambia," baba alisema. "Hilo ni lako."

Shifaa aliishika simu kwa mikono miwili.

"Mama, mimi sikwenda kumuuliza Mzee Rafiq."