Nyumba Isiyo na Mlango wa Nyuma

Kila Jumapili ilikuwa hivi: saa tisa alasiri, nguo zimeanikwa nje, na shemeji yangu fundi saa amekaa mezani na penseli sikioni. Yeye ndiye kiongozi wa mchezo wetu. Anasimulia kisa, nasi kila mmoja anacheza mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi, dadu zikiamua nani apone na nani aumie. Mimi na jirani yetu mkunga ni watu wazima na nywele zetu za mvi, na hatuoni haya. Marehemu mdogo wangu, mke wa shemeji, alikuwa akicheza tabibu. Alidanganya kwenye dadu waziwazi, na wote tulijifanya hatuoni.

Miezi mitano baada ya kumzika, shemeji alinunua kitabu cha kisa kipya. Kilihusu mzimu wa mjane aliyenaswa ndani ya nyumba yake. Wageni wanatakiwa kuutafuta mlango wa nyuma, wamfungulie, wamwambie aende. Sasa, shemeji hajawahi kucheza kisa kama kilivyochapishwa. Lazima akipunguze hapa, akiongeze pale, mpaka kitutoshe sisi. Safari hii alimwondoa mjane, akamweka tabibu wetu. Ramani akaichora upya kwa kufuata sebule yake mwenyewe, na mlango wa nyuma akaufuta.

Nilimuuliza kwa nini.

"Nikimwekea mlango, ataondoka," akasema bila kuinua macho.

Ningemkataza. Sikumkataza, kwa sababu na mimi nilimtamani mdogo wangu.

Jumapili ya kwanza shemeji alimsemea tabibu, akatutania vilevile alivyokuwa akitutania marehemu. Tulicheka mpaka tukalia. Ya pili, sauti ilikuwa nyembamba zaidi. Mkunga alinifinya mkono chini ya meza. Baadaye tukaambiana ni huzuni tu.

Ya tatu, tabibu alikuwa akitueleza giza la ile nyumba. Shemeji aliinuka kwenda kuchukua maji. Tulimsikia akifungua bomba jikoni.

Sauti haikukatika.

"Dada," ilisema taratibu. "Nimepapasa kuta zote. Nitokee wapi?"

Bomba lilifungwa. Shemeji alirudi na glasi tupu. Naye alikuwa amesikia.

Nilichukua penseli nichore mlango. Akanishika mkono, akaninong'oneza, "Shemeji, usimfukuze. Nakuomba."

"Anateseka," nikamwambia. "Mfungulie wewe. Wewe ndiye mumewe."

Machozi yakamdondoka juu ya ramani. Kisha akachora mlango. Akafungua kitabu, akasoma maneno ya mwisho bila kubadilisha hata moja: Nenda salama, mlango uko wazi. Ile sauti haikusikika tena. Niliumia kana kwamba tumemzika tena, na nadhani yeye aliumia zaidi.

Jioni ile tulisogeza vitu ili tusafishe sebule. Mkunga ndiye aliyeziona kwanza: alama za viganja vyembamba ukutani, kwenye kimo cha mdogo wangu. Zilizunguka chumba chote, zikapita hata nyuma ya kabati ambalo lilikuwa halijasogezwa tangu waoane. Kwingine kote zilikuwa moja moja. Nyuma ya kiti cha shemeji, yeye aliyekuwa amemnyima mlango, zilikuwa nyingi, moja juu ya nyingine, mpaka rangi ya ukuta ilikuwa imechubuka.