Shimo la Eneo la Tatu

Haya yalimkuta dada yangu, tumbo moja na mimi, na yeye si mtu wa kuzusha. Mkoa ulikuwa unatafuta mahali pa kujenga mtambo wa kuchakata taka, na kazi yake ilikuwa kukagua maeneo. Kati ya saba yaliyopendekezwa, yalibaki mawili. Moja lilipakana na mtaa anakoishi mama yetu. Lingine, la tatu kwenye orodha, lilikuwa nyika tupu. Unaweza kukisia alivyoomba hilo lifae.

Walifika asubuhi, jua limeshapanda, yeye na mchimbaji aitwaye Kijiko, maana akishika sururu hata kijiko chenyewe, ile mashine ya kuchimbia, kinaona aibu. Wakachimba mita mbili. Udongo ulikuwa mfinyanzi mzito, ndio hasa unaotakiwa, kwani haupitishi maji machafu. Kilibaki kipimo kimoja: kumwaga ndoo ya maji shimoni na kuangalia yanazama kwa kasi gani. Kwenye udongo ule yangekaa hadi kesho yake.

Kijiko akamwaga. Maji yakaisha kabla hajaiweka ndoo chini.

"Kuna ufa," dada akasema. "Mwaga nyingine."

Ya pili nayo ikaenda. Chini palikuwa pakavu. Kisha wakasikia kitu kinameza. Taratibu. Funda kwa funda.

"Bosi," Kijiko akanong'ona, "umesikia?"

"Hewa hiyo."

Lakini dada hakuweza kusimama mahali pamoja. Alilizunguka shimo, akaondoka, akarudi. Mwishowe wakainama wote wawili.

"Ongeza," sauti ikasema.

Haikuwa kali. Ilikuwa ya adabu, kama ya mgeni mezani.

Kijiko akainua ndoo ya tatu. Akaimwaga yote.

"Kwa nini umempa?"

"Si ameomba, bosi."

Funda la mwisho.

"Asante. Sasa shukeni."

Walikimbia. Sururu iliachwa, ndoo zikaachwa, hata kiatu kimoja cha Kijiko.

Ofisini mkuu wake alitaka sababu ya kulikataa eneo zuri kama lile. "Panavuja," dada akajibu, akatia saini. Mtambo ukajengwa karibu na mama, ambaye hadi leo analalamikia harufu: "Na mwanangu yumo humohumo ofisini!" Siku hizi dada hakai kitini dakika tano bila kuinuka kukagua sakafu.

Juzi alinipa simu yake ya zamani nimhamishie picha. Anaapa kwamba siku ile simu ilibaki garini, na gari lilifungwa. Lakini picha ya siku hiyo ipo, moja tu. Imepigwa kutoka chini kwenda juu. Kuta za udongo mbichi, kipande cha anga, na kingoni nyuso mbili zimeinama, zinachungulia.

Wa dada. Na wa Kijiko.