Batiri ya Dada Yangu Zaituni

Mwaka ule petroli ilipoadimika Bujumbura, nilikuwa na miaka sitini na mbili. Shule niliacha darasa la tatu. Garaji yangu ya hapa Buyenzi niliijenga kwa mikono hii, sikumpigia mtu magoti. Nasema hivyo mjue kilichonipoteza ni kiburi, si njaa!

Dada yangu Zaituni, mjane, anaishi chumba cha uani kwangu. Anashona nguo, na siku hizo cherehani yake ikiharibika nilikuwa naitengeneza mimi. Serikali ilipoanza kuwalipia wasio na umeme sehemu kubwa ya bei ya sola, yeye alimalizia iliyobaki kwa jasho la sindano. Taa ikawaka... Alicheka kama bibi harusi!

Binti aliyekuja kuifunga alinionya: “Muzee, hii batiri ni ya taa, si ya gari. Ikitoka hapa, tunabeba vyote.”

Nikamjibu, “We mutoto, ulizaliwa mi niko chini ya gari!” Watu wa garaji wakaangua kicheko.

Taksi yangu ikakaa kwenye foleni ya petroli mpaka batiri ikafa. Zaituni akiwa sokoni, nikaingia chumbani kwake, nikatoa batiri yake niitie kwenye taksi, nikamwekea kuukuu niliyoifufua kwa asidi. Nilijiambia ninaazima tu... Nani angejua?

Ile kuukuu ikavuja. Asidi ikala vitenge vya wateja, nguo za Idi! Wanawake walimtukana uani, nami nasikia... Na batiri yake? Taksi ilishaiua, kama binti alivyosema.

Binti akarudi kukagua. Akakuta batiri ina mstari mwekundu, alama ninayopaka batiri zangu zote zisiibiwe. Buyenzi nzima inaujua!

“Hii ni ya nani?” akauliza, macho kwangu.

Zaituni akaniwahi: “Apana, kaka hana kosa. Ni mi nilimuomba abadilishe.”

Nami nikanyamaza! Mwanaume mzima, mwenye mvi... Sola ikashushwa.

Baadaye nilimnunulia taa nyingine. Akaipokea kwa mikono miwili, akaisukuma chini ya kitanda. “Asante, kaka. Mushumaa unatosha.”

Wasomaji wenzangu, mnyonge akipata msaada wa serikali, msiutie mkono, hata awe ndugu yenu wa tumbo moja! Na mkikosea, semeni siku ileile. Mimi nilichelewa...

Leo nina garaji, taksi mbili, na nyumba ya matofali yenye bati jipya. Dada pia ninaye, ukuta mmoja tu unatutenga. Cherehani yake ikiharibika, anaibeba kichwani, anapita mbele ya garaji yangu, ananisalimia vizuri, anampelekea fundi mwingine.