Shati la Mulumba na Paka Wawili

Yalianza kwa paka kupigana. Ndiyo, paka, na kama unataka kucheka, cheka sasa hivi.

Febby, mwenye nyumba pale Kashikishi karibu na Nchelenge, kando ya ziwa, alikuwa na paka aitwaye Chona. Kwa Kibemba chona ni paka tu. Febby hakuwa mtu wa kujisumbua na majina. Paka wa pili, Minou, alivuka ziwa ndani ya kikapu mwaka wa tisini na nane, akitoka Kilwa, si ile ya pwani bali ya ng'ambo ya ziwa, pamoja na Berthe, mumewe Mulumba na binti yao mdogo Stéphanie, wakiikimbia vita. Febby aliwapangisha chumba. Mwaka mzima paka wale walilinda samaki wakavu dhidi ya panya na kulala kikapu kimoja.

Kisha Mulumba akazama ziwani, na mwili haukuonekana. Nguo za marehemu hufuliwa, kisha ndugu hugawana. Lakini ndugu walikuwa ng'ambo, kwenye vita, na Berthe hakutaka kupoteza harufu ya mtu aliyemwita Mama Stéphanie kila siku, yeye peke yake, maana Febby na majirani walimwita Berthe tu. Akaficha shati la bluu la mumewe, bila kulifua, chini ya mto wa kulalia. Stéphanie alipomlilia baba, mama yake alimfunika nalo, naye akanyamaza. Hapo Berthe alikosea, nasema wazi, ingawa namhurumia.

Minou naye alilala kitanda hichohicho. Asubuhi moja alitoka chumbani, Chona akamrukia kana kwamba hamjui. Sikio likachanika, manyoya yakatapakaa sakafuni. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa.

Febby alieleza kwamba paka hujuana kwa harufu. Akaagiza watenganishwe, kila mmoja ale upande wake wa mlango, kisha wapanguswe kwa kitambaa kimoja, huyu halafu yule, mpaka wanuke sawa. Alipanga vizuri kabisa. Ila kitambaa alimwachia Berthe achague, na Berthe akachukua shati, kwa kuwa Minou alilipenda.

Ugomvi ulikwisha siku ileile. Paka wakakaa bega kwa bega, wakikitazama kiti cha Mulumba. Kiti kilikuwa kitupu. Mchana kweupe, jua likiwa juu ya bati, vichwa vyao viwili viligeuka pamoja, polepole, kutoka kwenye kiti hadi mlangoni na kurudi tena, na kila walipotazama sakafu ililowa alama za nyayo, moja baada ya nyingine, na nyumba ikanuka tope na majani ya ziwani, na kitu kikatona chini ya kile kiti, to, to, to, mpaka Febby akaacha kupika, akashika ukuta.

Stéphanie hakuogopa. Akamwambia mama yake, akikionyesha kiti cha baba yake, "Papa iko pa kiti. Iko na baridi."

Febby akanong'ona, "Berthe, ulibapangusa na nini, bale bapaka?"

Berthe akasema ukweli. Febby akakimbia kumwita Katongo, mama anayefukuza ifibanda, pepo za wafu. Alikuja na Biblia kwapani na majani mkononi, akalinusa shati, akakunja uso.

"Nani mwingine alilala na hii nguo? Usinifiche. Kila mwenye harufu yake tutamuosha leo, ao huyu mutu aliyekufa atabakia ndani ya asiyeoshwa."

Berthe akamtazama mtoto. Wangesema Stéphanie ana pepo. Febby angewafukuza, na wangekwenda wapi, warudi kwenye bunduki?

"Ni bapaka tu," akajibu.

Basi shati likafungwa kwenye jiwe na kuzamishwa ziwani. Kiti kikapasuliwa kuni. Paka wakaogeshwa kwa majani, na mikono ya Febby ikapata mikwaruzo ya kutosha. Saa kumi sakafu ilikuwa kavu, harufu imekwisha, Chona na Minou wamerudi kikapuni wanalambana. Febby akacheka kwa mara ya kwanza tangu wiki ile ianze. Berthe alilia kwa furaha, akajiambia uongo wake haukudhuru mtu.

Stéphanie akatoka chumbani. Nywele zake zilikuwa zinachuruzika maji, na hakuna aliyemwogesha.

Paka wote wawili waliruka kutoka kikapuni kwa pamoja, wakarudi nyuma hadi ukutani, migongo juu, mikia imevimba, wakimfokea mtoto aliyekuwa akiwalisha kwa mkono wake.

Stéphanie hakuwaangalia. Alikwenda mahali kilipokuwa kiti, akasimama hapo, akamtazama Berthe kwa muda mrefu. Maisha yake yote alikuwa akimwita mama yake Mama, basi.

"Mama Stéphanie," akasema kwa upole. "Shati yangu iko wapi?"