Feni ya Gari la Vern

Gari la Vern Marchant lilichemsha Jumamosi asubuhi, saa tatu na nusu, katikati ya mlima wa Toowoomba, huko Australia, na Colin Staunton akaungua mkono.

Glenys Tuite alikuwa nyuma yake na gari lake dogo la manjano. Aliona mvuke ukifumuka, akamwona Colin akiruka nje na kukimbilia kifuniko cha rejeta. Alimpigia kelele asikifungue, lakini alichelewa. Maji ya moto yalimrukia mkono mzima wa kulia.

Lilikuwa jaribio la barabarani, kwa kibali cha muda; baada yake walikuwa wamebakiza ukaguzi wa Jumatano tu. Siku hiyo mkaguzi angekuja kulipitisha gari, lipate namba, na kazi ya miaka kumi na mmoja iishe. Vern alianza na rundo la mabomba na karatasi za maelekezo, akafa kabla hajaliendesha hata mara moja. Wenzake wa klabu ya magari ya kujiundia, Colin na Glenys wakiwemo, wakaapa kulimalizia. Kila Jumamosi walikusanyika katika banda la nyuma ya nyumba yake, na mjane wake, Dulcie, akawapelekea chai.

Kufikia saa sita gari lilikuwa limevutwa hadi bandani. Glenys, ambaye alistaafu usajenti wa polisi lakini hakustaafu ubishi, aliwasha feni. Ikazunguka vizuri tu. Akachukua ukurasa wa gazeti akauweka mbele ya rejeta. Feni ilikaa nyuma ya rejeta, kazi yake kuvuta hewa, kwa hiyo gazeti lilipaswa kunata. Badala yake lilipeperuka likaangukia viatu vyake.

"Inapuliza mbele," alisema. "Nyaya zimegeuzwa. Gari likienda, upepo unaingia na feni inautoa. Litaachaje kuchemsha?"

"Jumamosi iliyopita ilikuwaje?" aliuliza Russell, mtoto wa Vern, aliyekuja jana yake toka Brisbane na trela la kubebea gari.

"Gazeti lilinata. Nilijaribu mwenyewe. Mtu kazigeuza ndani ya wiki hii."

Russell hakusubiri. "Ufunguo wa banda anao nani, Shangazi Glenys? Si Mzee Colin? Na nani alitaka kulinunua baba akiwa bado kitandani? Likikataliwa Jumatano, atalipata kwa bei ya chupa tupu."

Colin alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono umefungwa bendeji. "Hebu rudia, kijana."

"Umesikia."

"Baba yako nilimbeba mpaka kaburini na goti hili bovu."

"Na sasa unataka kubeba gari lake. Nawaambia klabu leo hii. Mwizi wa marehemu hawezi kukaa nao meza moja."

Dulcie alikuwa mlangoni na sinia ya chai. Aliutazama ule mkono wa Colin, akaweka sinia juu ya meza ya kazi. "Vern naye feni ilimchezea hivihivi, mwaka wa kwanza," alisema kwa sauti ndogo. "Wiki nzima akilaumu maji." Kisha akarudi jikoni.

Glenys alimsubiri Russell atoke kupiga simu, akavuta kigoda karibu na Colin.

"Nakuuliza kama polisi, usininunie."

"Uliza."

"Uliingia humu wiki hii?"

"Jumatatu, kuchukua spana yangu. Basi."

"Na habari ya kulinunua?"

Colin aliinamisha kichwa. "Vern ndiye aliyeniomba. Alijua Russell ataliuza. Alitaka libaki mtaani, Dulcie alione likipita."

Nje, karibu na trela, Russell alijibu swali la Glenys kwa hasira. "Mimi nilivunje kwa faida gani? Nataka liishe nilipakie niondoke."

Hapo alisema kweli. Kila siku ya kuchelewa ilikuwa hasara kwake. Na Colin, kama angejua gari litachemsha, asingeliendesha yeye, sembuse kuweka mkono wake juu ya kile kifuniko. Glenys alibaki na swali moja lililomkera: nani alitaka gari hili lisiishe?

Alikwenda jikoni. Dulcie alikuwa anaosha vikombe. Juu ya rafu palikuwa na keki ya matunda iliyofungwa kitambaa, ikinukia ramu, ile aliyoipenda Vern.

"Hii ya lini, shoga?"

"Ya Jumamosi ijayo. Nimeioka Alhamisi, inataka ikae ilowane."

Glenys aliigusa kwa kidole. 

"Alhamisi sote tulijua kwamba leo ndiyo Jumamosi ya mwisho. Jumamosi ijayo gari liko Brisbane. Ulikuwa unamwokea nani, Dulcie?"

Maji yaliendelea kutiririka bombani. Dulcie hakuyafunga.

"Siku sita naongea na redio," alisema. "Ya saba nasikia nyundo. Nasikia Colin anaitukana bolti. Najiambia, Vern yuko nao, sasa hivi ataingia anidai chai. Mkimaliza gari, mtakuja kufanya nini hapa?"

"Ukageuza nyaya."

"Nilimshikia tochi miaka yote hiyo, nisijue waya? Nilijisemea litachemsha, mtarudi, mtatafuta wiki mbili tatu. Sikujua Colin atafungua kifuniko. Naapa sikujua."

"Na Russell alipomwita mwizi? Ulikuwa umesimama pale."

Dulcie alilia, mikono yake ikiwa bado ndani ya maji. "Niliogopa mtaniacha."

Glenys alifunga bomba, akampa taulo, wakaenda bandani pamoja. Dulcie aliyasema yote mwenyewe, mbele ya mwanawe na mbele ya Colin. Russell alikaa chini kwenye sakafu kama mtoto. Colin aliinuka kutoka kwenye ndoo. Kwa mkono wake wa kushoto alizirudisha nyaya mahali pake, akawasha feni, akaweka gazeti. Lilinata. Akauweka ufunguo wa banda juu ya meza ya kazi, akaondoka kwa miguu.

Mkaguzi alilipitisha gari, na Alhamisi trela likaondoka nalo.

Jumamosi iliyofuata Glenys alikwenda peke yake. Bandani palibaki doa la oili. Dulcie alikuwa ametandika meza, vikombe vitatu. Walikunywa chai, na kikombe cha tatu, cha Colin, kikabaki kikavu. Baadaye Dulcie alikata kipande kikubwa cha keki akakifunga kwenye karatasi.

"Nipelekee kwa Colin."

Colin alifungua mlango nusu. Bendeji ilikuwa imetoka, ngozi ya mkono nyekundu. Aliinusa ile karatasi, akafumba macho kidogo.

"Keki ya Vern," alisema.

"Ndiyo."

"Dulcie mwenyewe yuko wapi?"

"Nyumbani. Anaogopa."

Colin alimrudishia kifurushi bila kukifungua. "Mwambie alete mwenyewe," alisema, akafunga mlango taratibu.