Chumvi Haikai Chini ya Sufuria

Wiki sita honi ya lori haikusikika mtaani.

Zamani dereva akirudi safari alipiga honi mara mbili pale kwenye kona. Mkewe akisikia, anapakua. Sasa ufunguo wa lori umelala kwenye droo ya meneja. Daktari wa kampuni alimpima dereva presha, akaiona iko juu mno.

"Meza dawa kila siku," alimwambia. "Punguza chumvi. Presha ikishuka, utarudi kazini. Isiposhuka, lori atapewa mwingine."

Mkewe, watu waliomzoea walimwita Mama Upawa. Upawa haukumtoka mkononi tangu asubuhi mpaka jioni. Aliposikia habari ile alisema, "Itashuka. Anayepika ni mimi."

Akajipangia njia yake. Alipika sufuria moja ya maharage na viazi kwa watu saba, akatia chumvi kama siku zote. Akaepua, akaiacha itulie. Kisha akachota mchuzi wa juujuu, polepole, akamwekea mumewe.

"Chumvi nzito, imeshuka chini," alisema. "Wewe kula ya juu."

"Na maharage nayo yameshuka chini," dereva alinung'unika. "Mimi nakunywa maji tu."

"Kunywa. Unataka lori au hutaki?"

Dereva alikunywa. Dawa alimeza. Akaenda kupimwa, presha iko karibu palepale. Akapewa mwezi mmoja wa mwisho.

Hapo nyumba ikawaka moto.

"Unakula wapi chumvi?" Mama Upawa aliuliza. "Kwa yule muuza mayai, eti?"

"Mama watoto, yai lake sijaligusa!"

"Presha haipandi kwa kula hewa!"

"Basi nifuate nyuma na huo upawa wako!"

Siku tatu hawakusemeshana, ila kuulizana sabuni iko wapi.

Siku ya nne, mchana, jirani yao alipita kusalimia. Yeye ni muuguzi wa zahanati, na mtaa mzima unamwita Sista. Alimkuta Mama Upawa anachota mchuzi kwa ncha ya upawa, pumzi ameibana.

"Shoga, mbona unachota kama unaogopa kumwamsha mtoto?"

Mama Upawa akamweleza. Sista akatia kijiko kwenye bakuli la dereva, akaonja, akafumba jicho moja.

"Shoga, hii ina chumvi."

"Hiyo ni ya juu!" Mama Upawa alisema.

"Ya juu, ya chini, ni ileile."

"Haiwezekani, Sista. Nimeiona kwa macho yangu ikizama."

"Uliiona kabla haijayeyuka."

"Nithibitishie. Mimi si mtu wa kuambiwa tu."

Sista akacheka, akaomba glasi mbili za maji. Moja akatia kijiko cha chumvi, akakoroga mpaka maji yakawa maangavu. Nyingine akatia kijiko cha unga, akakoroga. Akazifunika na kuziweka rafuni.

"Usiziguse mpaka kesho. Uwe na mrija."

Kesho yake, kabla hajawasha jiko, Mama Upawa aliziendea. Glasi ya unga haikuhitaji kuonjwa. Unga ulikuwa umelala chini, juu maji karibu matupu. Kwenye glasi ya chumvi alionja juu kwa mrija, akakunja uso. Akaonja katikati. Akashusha mrija mpaka chini kabisa, akaonja tena. Uso ukakunjika vilevile.

Akamwendea mumewe barazani.

"Nilikusingizia."

"Kwa muuza mayai."

"Kwa muuza mayai. Nisamehe. Kumbe nilikunyima maharage, nikakupa chumvi."

"Nimesamehe. Ila sasa nina hamu ya yai."

Mchana Sista akarudi. "Michanganyiko iko ya namna mbili," alieleza. "Mmoja ni sare. Kila tone linafanana na jingine. Chai yenye sukari iliyoyeyuka, maji yenye chumvi. Mwingine si sare. Maharage na viazi, kachumbari, unga kwenye maji, mafuta yanayoelea. Kiazi unaweza kukitoa. Mafuta unaweza kuyaengua. Chumvi iliyokwisha kuyeyuka utaikamata kwa upawa gani?"

"Basi nitoe chakula chake kabla ya chumvi."

"Umemaliza. Na vile vidonge vya kukolezea mchuzi pia vina chumvi."

Tangu siku hiyo Mama Upawa alianza na bakuli la mumewe, chumvi ikafuata baadaye. Hilo la mumewe alilitia kitunguu saumu na limau.

"Haya ni maji ya kuoshea maharage," dereva alisema siku ya kwanza.

"Kula, bwana. Ulimi utazoea."

Ukazoea. Wiki ya pili Mama Upawa akapunguza chumvi ya nyumba nzima, na watoto walilalamika siku mbili tu.

Mwezi ulipoisha, daktari alipima presha mara mbili, maana hakuamini. Imeshuka. Akamwambia dereva aendelee na dawa na chakula kilekile. Meneja akafungua droo.

Jumamosi, Mama Upawa alikuwa jikoni. Binti yake akanyoosha mkono kwenye kopo la chumvi.

"Bado! Cha baba hakijatoka."

Kule kwenye kona honi ikalia mara mbili. Mama Upawa akazamisha upawa mpaka chini ya sufuria, akakoroga bila woga, akainua maharage na viazi, akajaza bakuli.